Kumpandisha ng'ombe kwa chupa: ijue saa kabla ya kuilaumu mbegu

Huku milimani Moshi, uhimilishaji, yaani mtaalamu kumwekea ng'ombe kizazini mbegu za dume zilizogandishwa, tunauita chupa. Ukimwuliza mfugaji kwa nini amerudi kwa dume wa jirani, jibu ni lile lile: "Chupa haishiki." Nalisikia Kibosho, nalisikia Uru, nalisikia Old Moshi. Kila nikilisikia nauliza swali moja tu: alianza joto, ile hamu ya kupandwa, saa ngapi? Wengi hawajui. Wanajua alilia usiku, wanajua asubuhi alikataa majani, wanajua walimpigia mtaalamu siku hiyo hiyo. Saa hawana. Na mbegu iliyogandishwa ikishayeyushwa na kuwekwa kizazini ina maisha mafupi. Ikiwahi mno inakufa kabla yai halijatoka, ikichelewa inakuta yai limeshaharibika.

Mimi ni mhimilishaji. Nazunguka na pikipiki, mtungi wa naitrojeni na glovu zinazofika begani. Haya nawaandikia wenye ng'ombe mmoja, wawili, watatu bandani, kwa sababu kazi yangu kwa ng'ombe wako huchukua dakika chache, na yako huchukua wiki tatu za kumtazama. Hiyo yako ndiyo inayoamua zaidi.

Joto la ng'ombe anayefugwa ndani

Dalili ya uhakika kuliko zote ni ng'ombe kusimama na kutulia anapopandwa na mwenzake. Asiyetaka hukimbia, aliye kwenye joto husimama. Kwa wenye malisho ni rahisi kuliona hilo. Lakini ng'ombe wetu wengi wamefungwa bandani kando ya migomba, wanaletewa majani, na wengine hawana hata mwenzao wa kuwapanda. Huyo inabidi umsome kwa njia nyingine.

Ng'ombe huingia joto kila baada ya siku 21, wengine siku ya 18, wengine hadi ya 24. Joto lenyewe hudumu kama saa 12 hadi 18, na kwa ng'ombe aliyedhoofika au anayepata jua kali linaweza kuwa fupi zaidi. Mara nyingi huanza usiku au alfajiri. Ndiyo maana anayemtazama ng'ombe wake saa nne asubuhi tu, wakati wa kumpelekea majani, atamkosa mara nyingi. Mtazame mara tatu: alfajiri kabla ya kukamua, mchana akiwa amelala, na usiku kabla hujazima taa. Kila mara simama dakika 20 hivi. Kupita na ndoo mkononi ukamtupia jicho hakutoshi.

Cha kwanza angalia ute, na uutafute kabla banda halijafagiwa. Kijana anayesafisha banda mfundishe kutazama kwanza, maana akishapitisha fagio amefuta kila kitu. Tazama chini ya mkia, kwenye mapaja, kwenye nywele za mwisho wa mkia, na pale sakafuni alipolala. Joto linapoanza ute huwa mwepesi, wa majimaji. Likikolea unakuwa mwangavu na unavutika kama ute wa yai, unaning'inia hadi magotini bila kukatika. Likielekea kwisha ute unakuwa mzito na wa ukungu. Ukijua hatua hizi tatu, hata kama hukumwona alipoanza, unaweza kukadiria yuko wapi.

Uke nao huvimba kidogo, ile mikunjo ya ngozi inalainika, na ukiufungua kwa vidole safi ndani ni kwekundu na kumeloa. Hulia, hasikii la kuambiwa, anakojoa kidogo kidogo, maziwa yanashuka, anajaribu kurukia hori au mlango wa banda. Akiwa na mwenzake humwekea kidevu mgongoni na kumpanda. Lakini kumbuka anayepanda si lazima awe ndiye mwenye joto, aliyesimama kupandwa ndiye.

Damu inawachanganya wengi. Siku moja hadi tatu baada ya joto, ng'ombe anaweza kutoa ute wenye damu, hasa mitamba, yaani majike ambao bado hawajazaa. Watu wawili wananipigia simu kwa damu hiyo: mmoja anasema njoo umpandishe, mwingine anasema mimba imetoka. Wote hapana. Damu hiyo inasema joto limepita siku mbili hivi nyuma. Haisemi kama ameshika au hakushika. Kama hukumpandisha, andika tarehe, kisha kuanzia siku ya 16 mbele anza kumtazama kwa makini. Na ukiona usaha, ute mweupe mzito wenye harufu, hapo hakuna kupandisha. Mwite daktari wa mifugo amtibu kizazi kwanza.

Simu ninayoipenda niliipokea kutoka kwa mama mmoja wa Uru, mfugaji wa siku nyingi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Jana saa mbili usiku nimempa majani, nimemtazama nyuma, pakavu, na ametulia. Leo saa kumi na moja alfajiri nimemkuta ute unavutika na anagonga hori. Maziwa yamepungua lita mbili."

"Nitakuja jioni, mama. Ukimwona amebadilika mchana nipigie."

Simu hiyo ina kila kitu. Najua joto lilianza kati ya saa mbili usiku na saa kumi na moja, kwa hiyo sihangaiki kupanda mlima asubuhi ile. Linganisha na simu ya "Dokta njoo upesi, huyu ng'ombe hajalala wala hajatulaza." Huyo hata nikifika ndani ya nusu saa nabahatisha.

Asubuhi kwa jioni, jioni kwa asubuhi

Kanuni ni ya zamani na bado inafanya kazi. Ng'ombe aliyeonekana kwenye joto asubuhi apandishwe jioni ya siku hiyo. Aliyeonekana mchana au jioni apandishwe kesho yake asubuhi na mapema.

Sababu yake ni hii. Yai la ng'ombe hutoka baada ya joto kwisha, kama saa 10 hadi 14 baada ya ng'ombe kuacha kusimama. Likitoka halikai, uhai wake wa kurutubishwa ni saa chache. Mbegu nazo, tofauti na wanavyodhani wengi, haziko tayari zinapoingia tu. Zinahitaji saa kadhaa ndani ya njia ya uzazi kabla ya kuweza kurutubisha, na zile zilizogandishwa haziishi humo muda mrefu kama za dume mwenyewe. Kwa hiyo tunataka ziwe zimefika, zimejiandaa, zinasubiri, yai litoke lizikute. Ukimpandisha joto linapoanza tu, zinasubiri mpaka zinakwisha. Ukimpandisha kesho yake mchana, umewahi mazishi ya yai.

Dume anayetembea na ng'ombe malishoni hukosa mara chache kwa sababu humpanda mara nyingi katika saa hizo zote. Mimi nampandisha mara moja. Tofauti iko hapo, wala si kwamba mbegu ya chupa ni dhaifu kwa asili yake.

Wanaofuga farasi, na maeneo ya Usa River wapo, wana kazi kubwa zaidi. Farasi jike hukaa kwenye joto siku 5 hadi 7, na yai hutoka karibu na mwisho wa siku hizo, kwa hiyo kanuni yetu ya asubuhi na jioni haimfai. Kwa mbegu iliyogandishwa daktari hulifuatilia yai kwa altrasaundi, na linapokaribia kutoka hupima tena kila baada ya saa chache, ili mbegu iwekwe ndani ya saa 12 kabla au saa 6 baada ya yai kutoka. Nikilinganisha na hayo, ng'ombe ametuhurumia: ute na saa ya ukutani vinatosha.

Nani apandishwe, na kwa mbegu ya dume gani

Mtamba usimpime kwa umri. Kuna wa miezi 15 aliyelishwa vizuri yuko tayari, na kuna wa miaka miwili na nusu bado ni ndama kwa mwili. Mpime kwa mkanda wa kifua, unaokadiria kilo zake. Chotara wa Friesian mimi husubiri afike kilo 280 hivi, Jersey kilo 230. Akishika mimba akiwa mdogo, taabu utaiona siku ya kuzaa. Na kwa mtamba chagua dume anayejulikana kwa ndama wadogo. Jersey kwa uzao wa kwanza ni uamuzi mzuri, na maziwa yake yana mafuta.

Aliyezaa mpe siku 60 kabla ya kumpandisha. Joto linaweza kuonekana mapema zaidi. Liandike tu, usilifanyie kazi, kizazi kinajirudisha. Ikifika siku ya 60 na hujaona joto hata moja, tazama mbavu zake kabla ya kutazama mkia. Ng'ombe anayekamuliwa lita nyingi huku akila mabua ya tambarare na vigogo vya migomba peke yake anakula mwili wake mwenyewe, na mwili unaojila hauiti mimba. Pumba, mashudu ya alizeti, majani mabichi ya kutosha, jiwe la kulamba, na maji yasiyokatika. Hili la maji nalisema kwa uchungu: wengi wanamwekea ndoo mbili kwa siku na kungoja maziwa na mimba.

Halafu mbegu. Ninazotumia nazichukua Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, NAIC, pale Usa River, ambako madume wa Friesian, Ayrshire, Jersey, Boran na wengine wanafugwa na kukamuliwa mbegu. Mbegu hukaa kwenye mirija myembamba ya plastiki, na kila mrija umeandikwa jina au namba ya dume na aina yake. Mwombe mhimilishaji akusomee kabla hajauyeyusha, na akishamaliza mwombe akuachie mrija mtupu. Ubandike kwa gundi ya karatasi kwenye daftari, kando ya tarehe. Miaka miwili baadaye, binti wa ng'ombe huyo akiingia joto, utajua baba yake ni nani na hutampandisha kwa baba huyo huyo. Huku kwetu dume mmoja wa mtaa amekuwa baba na babu wa ng'ombe wa kitongoji kizima, na tunashangaa ndama wanazaliwa wadogo. Dume huyo huyo anayezunguka nyumba kwa nyumba anaweza pia kuwabebea ng'ombe magonjwa ya njia ya uzazi yanayotupa mimba.

Zipo pia mbegu zilizochaguliwa jinsia, zinazotoa majike kwa takriban asilimia 90. Ni ghali na kila mrija una mbegu chache. Kwa mtamba mwenye afya na joto lililoonekana vizuri, sawa. Kwa ng'ombe aliyepandishwa akarudi joto mara mbili, usitupe pesa.

Jambo la mwisho kabla ya simu: hakikisha hana mimba. Ng'ombe wachache huonyesha dalili za joto wakiwa na mimba. Nimeitwa kwa ng'ombe wa aina hiyo, nikamshika kizazi nikakuta mimba ya miezi minne, na mwenye ng'ombe alikuwa amekasirika kwamba nakataa kufanya kazi niliyoitiwa. Bomba la kuwekea mbegu likipita shingo ya kizazi iliyofungwa kwa mimba, mimba hiyo inaweza kutoka. Sema ukweli wa tarehe zote ulizonazo, hata kama zile za nyuma alipandishwa na dume kwa siri ya kijana wa banda.

Siku yenyewe

Mfunge mahali pa kivuli, kwenye kibanio au kwenye nguzo imara, kichwa kifupi, ubavuni kuwe na ukuta au ubao wa kumzuia kuyumba. Andaa maji safi, sabuni, na mtu anayemfahamu wa kusimama kichwani kwake. Usimpige. Ng'ombe aliyekimbizwa shambani na kuchapwa huwa na hofu, na hofu inavuruga homoni zile zile tunazozitegemea.

Sasa mtazame mhimilishaji, ni haki yako. Mtungi una naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Ufike umesimama wima, umefungwa vizuri, haujaachwa juani. Akifungua, kikombe chenye mirija kisipande juu ya shingo ya mtungi, na mrija utolewe kwa kibano ndani ya sekunde chache. Mirija inayobaki ikipandishwa mara kwa mara kwenye hewa ya kawaida inaharibika kidogo kidogo bila kuonyesha alama yoyote. Mhimilishaji anayeinua kikombe chote nje na kuanza kutafuta mrija huku anaongea na simu, huyo ndiye anayefanya chupa isishike.

Mrija unayeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu, nyuzi 35 hadi 37, kwa muda usiopungua sekunde 30. Mimi nabeba themosi na kipimajoto. Kuyeyusha kwapani, mdomoni au kwenye maji yaliyokisiwa kwa kidole ni uvivu. Baada ya hapo mrija unafutwa ukauke kabisa, maana tone la maji likigusa mbegu linaziua. Unakatwa ncha iliyozibwa, kwa mkato ulionyooka, unaingizwa kwenye bomba lililopashwa joto kwa kusuguliwa, kisha bomba linavishwa ala safi ya plastiki. Bomba liwekwe ndani ya koti au shati lisipoe. Asubuhi ya Juni huku Kibosho, baridi ya banda inatosha kuua kazi yote. Tangu kuyeyusha hadi kuweka, nataka zisizidi dakika 15.

Mkono wenye glovu na kilainishi unaingia njia ya haja kubwa, unatoa kinyesi taratibu, uke unafutwa kwa karatasi kavu. Bomba linaingia likiwa limeelekea juu kidogo ili kukwepa tundu la mkojo, mkono wa ndani unaishika shingo ya kizazi na kuivuta mbele juu ya bomba, pete moja ya ndani yake baada ya nyingine. Vijana mnaojifunza, hapa ndipo haraka inapoponza: bomba halisukumwi kwenye shingo, shingo inaletwa kwenye bomba. Likitoka tu upande wa pili, mnasimama hapo hapo, mnasukuma polepole kama sekunde tano. Mkiingia ndani zaidi mnakwaruza kizazi au mnamwaga mbegu zote kwenye pembe yake moja.

Ukimwona ng'ombe anatoa ute mwingi baadaye, usiseme mbegu zimemwagika. Mrija mzima una robo au nusu mililita tu. Huo unaouona ni ute wake wa joto.

Mwache kivulini apumzike, apate maji na majani. Asitembezwe mbali, asipakiwe kwenye gari siku hiyo.

Hesabu baada ya hapo

Chukua mfano wa ng'ombe aliyepandishwa tarehe 3 Machi. Kuanzia tarehe 21 hadi 27 Machi mtazame mara tatu kwa siku kama mwanzo. Wengi wanalegea hapa. Wakiona wiki mbili zimepita kimya wanaamini ameshika, joto la pili linapita bandani bila mtu kuliona, na siku 21 nyingine zinaliwa. Akirudi, pandisha tena kwa kanuni ile ile. Akinyamaza, usitangaze bado. Baada ya siku 60 mwite mtaalamu amshike kizazi athibitishe. Kunyamaza kunaweza pia kuwa joto la kimya au uvimbe kwenye kifuko cha mayai.

Mimba ya ng'ombe ni siku 280 hivi. Wa tarehe 3 Machi atazaa karibu na 8 Desemba, na siku 60 kabla yake, yaani karibu na 9 Oktoba, unamkausha maziwa, yaani unaacha kumkamua, ili kiwele kipumzike na ndama akue. Wenye ng'ombe huku wanaipenda hesabu hiyo, maana Desemba watoto na wajukuu wanapanda kutoka Dar es Salaam na nyumba inakuwa na maziwa. Lakini usilazimishe joto la mwezi wa pili lipite eti unangoja Machi kwa ajili ya Krismasi. Ng'ombe aliye tayari mpandishe.

Daftari liwe na tarehe ya kuzaa, kila joto na saa yake, tarehe na saa ya kupandishwa, jina la dume, jina la mhimilishaji, na matokeo ya kipimo. Wasiopenda daftari huandika kwa chaki mlangoni pa banda, na mvua ya masika ikija kwa upepo inafuta mwaka mzima.

Kuhusu malipo, elewaneni kabla mtungi haujafunguliwa: nauli ni ya nani, na akirudi joto utalipa nzima au nusu.

Akirudi mara tatu, na saa zako ziliandikwa vizuri, na mhimilishaji alifanya yote yaliyotajwa hapo juu, acha kumpandisha. Mwite daktari wa mifugo, amkague kizazi na kuchukua damu kupima ugonjwa wa kutupa mimba. Ugonjwa huo unaambukiza na watu pia, kwa maziwa mabichi na kwa kushika kondo la nyuma mikono mitupu, kwa hiyo tangu siku unayoushuku chemsha maziwa yote na usimruhusu mtoto kusaidia ng'ombe anayezaa au aliyetupa. Daktari akifika mpe daftari alisome kwanza, ndipo avae glovu.